Mpimaji Aliyevamiwa Njiani: maji, fedha na mafundi katika majimbo ya Roma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wapima ardhi na mafundi wa maji, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Mwenyekiti wetu, walimu walionitangulia, wapima ardhi wenzangu, mafundi wa maji, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimepewa mada pana, miundombinu ya umma katika majimbo ya Dola ya Kirumi. Wasemaji wengi huifungua mada hii kwa picha ya daraja refu la matao, watu wakashangaa, wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Mimi sikuja na picha. Nimekuja na habari za mtu mmoja aliyeitwa Nonius Datus, kazi yake kupima usawa wa ardhi, na habari za barua zilizoandikwa na wakubwa waliokuwa wanamtafuta yeye na wenzake. Maana kwa jinsi ninavyowasoma, Warumi hawakupungukiwa mawe, wala chokaa, wala mabega ya kubebea. Walichopungukiwa kila mara, kutoka Afrika mpaka Asia Ndogo, ni mtu anayejua kupima, akabaki mahali pa kazi mpaka kazi iishe.

Twende Aljeria. Mji wa Bejaia wa leo, pwani ya Bahari ya Kati, Warumi waliuita Saldae. Kaizari Augustus aliwapa askari wake wastaafu makazi pale, na karne moja na nusu baadaye mji ulitaka maji ya uhakika. Chemchemi ilikuwepo Toudja, milimani, upande wa magharibi. Kuyaleta maji mjini kulihitaji mfereji wa kilomita kama 21, na katikati ya njia palikuwa na mlima. Ikaamuliwa utobolewe. Handaki lenyewe lina urefu wa mita 428 hivi, nalo lichimbwe kwa nyundo na patasi, kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, mpaka wachimbaji wakutane.

Sasa sikilizeni jinsi utawala ulivyokuwa umekaa. Jimbo hilo, Mauretania Caesariensis, halikuwa na lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi. Mkuu wake alikuwa prokuratori, afisa wa kaizari, mwenye makao Caesarea, ambayo ni Cherchell ya leo. Magharibi yote ya Misri, lejioni iliyokuwepo Afrika ilikuwa moja tu, Lejioni ya Tatu Augusta, nayo ilipiga kambi Lambaesis, nje ya jimbo la bwana huyu. Kutoka kambini mpaka Saldae ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka, na njia za milimani hazinyooki. Wapimaji wa usawa walikuwa humo jeshini. Kwa hiyo prokuratori akihitaji mpimaji hana budi kuandika barua kwa kamanda wa lejioni, ambaye hayuko chini yake, amwombe kwa adabu.

Barua hizo tunazo. Datus mwenyewe alizichonga kwenye jiwe lenye pande sita lililokutwa Lambaesis, na juu yake vimechongwa vichwa vya wanawake watatu pamoja na majina yao: Uvumilivu, Ushupavu, Matumaini. Kila fundi aliyewahi kusubiri malipo ya serikali anawafahamu wanawake hao.

Mchoro wa kazi Datus aliukabidhi kwa prokuratori Petronius Celer, kwenye mwaka 137 hivi. Miaka kama kumi baadaye tunamkuta prokuratori mwingine, Porcius Vetustinus, akimshukuru kamanda Crispinus kwa kumtuma mpimaji. Anasema muda ulimbana na alikuwa na haraka ya kwenda Caesarea, lakini alikimbia mpaka Saldae, akaukuta mfereji umeanzwa vizuri ila ni kazi kubwa, na kwamba hauwezi kumalizika bila uangalizi wa Nonius Datus. Alikuwa anataka kumwombea abaki miezi kadhaa, kama Datus asingepatwa na maradhi. Basi, mpimaji akaugua, na kazi ikabaki na waliobaki.

Kisha inakuja barua ya prokuratori wa tatu, Varius Clemens, kwenye mwaka 152 hivi, kwa kamanda Valerius Etruscus. Mji mtukufu wa Saldae, anasema, na mimi pamoja na watu wake, tunakuomba bwana umhimize Nonius Datus, askari mstaafu, aje Saldae amalizie kazi yake iliyobaki. Hapo Datus ameshaondoka jeshini. Maprokuratori watatu wamepita, makamanda wamebadilika, na mtu anayetafutwa ni yule yule.

Sehemu inayofuata ni maneno ya Datus mwenyewe, nami nayaweka kwa Kiswahili jinsi yalivyo: «Nikaanza safari, na njiani nikavamiwa na majambazi. Nikaponyoka na wenzangu, uchi, nina majeraha. Nikafika Saldae, nikaonana na prokuratori Clemens. Akanipeleka mlimani, ambako walikuwa wakililia handaki la mashaka, karibu waliache, kwa sababu uchimbaji ulikuwa umekuwa mrefu kuliko upana wa mlima.»

Wapimaji, fungueni daftari. Mstari wa kazi ulikuwa umepigiwa vigingi juu ya mlima, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kundi la kwanza lilichimba kuanzia pale maji yanapoingilia, upande wa magharibi, likielekea mashariki. Likapinda kulia kwake, yaani kusini. Kundi la pili lilichimba kuanzia pale maji yanapotokea, upande wa mashariki, likielekea magharibi. Nalo likapinda kulia kwake, yaani kaskazini. Kila kundi limekwenda kulia, na watu wanaotazamana kila mmoja akienda kulia kwake hawakutani. Wakapishana ndani ya mwamba kama watu wawili kwenye ukumbi wenye giza, kila mmoja akidhani mwenzake yuko mbele. Walichogutushwa nacho ni hesabu: ukijumlisha urefu waliochimba wa huku na waliochimba wa kule, umezidi unene wa mlima.

Nipeni dakika moja hapa, maana ndipo ninapompenda mtu huyu. Anaandika kwenye jiwe, kila herufi inatolewa kwa patasi, na bado anatumia mistari kadhaa kumweleza msomaji: nikisema chimbo la juu nina maana upande ambao handaki linapokea maji, na la chini ni upande linaotolea maji, msije mkachanganya. Askari mzee, ametoka kuporwa na majambazi, na wasiwasi wake ni kwamba msomaji asiyemjua asikosee juu na chini! Huyo ni mtu aliyezoea kuandika ripoti za kazi.

Na kosa lilitokea wapi? Mchoro ulikuwepo. Vigingi vilikuwepo juu ya mlima, vimepigwa sawasawa. Lakini nyinyi mnajua, mstari wa juu hauingii chini wenyewe. Ni lazima kila siku mtu asimame mlangoni, aupokee ule mstari kwa timazi, auingize ndani kwa taa, aangalie nyuma alikotoka kabla hajaruhusu patasi iende mbele. Siku moja ukiruka, mwamba laini unamvuta mchimbaji upande wake, na kesho anaanzia pale alipokosea jana. Mafundi wa kuchimba walikuwepo miaka yote hiyo. Mtu wa kusimama mlangoni hakuwepo.

Datus alipofika aligawa kazi upya, kila kundi lijue kipande chake ni kipi na kinaishia wapi. Halafu akafanya jambo la kijeshi: akawashindanisha. Upande huu askari wa majini, upande ule wale wanajeshi wasaidizi walioitwa gaesati. Wakakutana ndani ya mlima. Maji yakaachiliwa, Varius Clemens akauzindua mfereji, na Datus akaandika kwamba kazi imefanyika kwa kufuata mchoro ule ule aliompa Petronius Celer. Miaka kama kumi na mitano ilikuwa imepita tangu mchoro huo.

Vifaa vyao nitavipitia kwa haraka tu, kwa sababu vinajulikana. Vitruvius, msanifu wa zama za Augustus, ameeleza kifaa cha kupimia usawa: ubao ulionyooka wenye urefu wa futi 20 za Kirumi, karibu mita 6, una miguu miwili, na timazi zinaning'inia kwenye miguu. Upepo ukizisumbua timazi, juu ya ubao kuna mfuo wa futi 5. Unajaza maji, ukiona yamegusa kingo sawasawa ujue ubao umelala. Wale mnaotumia pimamaji kila siku hamna cha kushangaa hapo. Cha kushangaa ni usahihi walioupata kwa chombo hicho na vingine vya aina yake. Mfereji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, ule wenye daraja maarufu la Pont du Gard, una kilomita kama 50, na kutoka chemchemi mpaka mjini unashuka mita 12 na ushee tu. Ni wastani wa sentimita 25 kwa kilomita. Daraja lenyewe lina urefu wa mita kama 49 kwenda juu, na watalii hulipiga picha hilo. Mimi ningepiga picha zile sentimita 25.

Ujuzi huo ulikaa jeshini, na wakubwa walijua. Mwaka 128 Kaizari Hadrianus alifika Lambaesis kukagua vikosi, akawahutubia askari, na hotuba ikachongwa. Anawasifu kwa ngome ambayo wengine wangeigawa kwa siku nyingi, wao wameimaliza siku moja. Anataja ukuta wa mawe, anaulinganisha na ule wa madonge ya udongo wenye nyasi, anajua upi unachukua muda na kwa nini. Anataja handaki la ulinzi lililochimbwa kwenye changarawe ngumu, likalainishwa kwa kukwangua. Ni hotuba ya mtu anayejua kazi inavyofanyika, na nasema hivyo nikijua kwamba hotuba za wakubwa kwenye uzinduzi hazina sifa hiyo mara nyingi.

Maji yakishafika, kuna kugawana, na kugawana kuna jiwe lake. Lamasba, mji mdogo wa Numidia, Merouana ya leo, wakulima waligombania maji ya kumwagilia. Wakati wa Kaizari Elagabalus, kati ya 218 na 222, baraza la mji likapitisha azimio na kulichonga: jina la mkulima, ukubwa wa shamba lake, na saa zake za maji, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, hadi nusu saa. Saa zao, kwa taarifa yenu, zilihesabiwa kama zetu, kuanzia kukucha. Mrumi akisema saa tano ya mchana alikuwa karibu na saa tano yetu, na msomaji wa Kiswahili akipewa jiwe lile hana haja ya kujumlisha sita. Tofauti ni kwamba saa yao ilirefuka kiangazi na kufupika wakati wa baridi, kwa kuwa waliugawa mchana sehemu kumi na mbili, uwe mrefu uwe mfupi.

Fedha nazo. Watu wengi hudhani Roma ilitoa pesa hazina ikajengea majimbo. Mara nyingine kaizari alitoa, ni kweli. Lakini kazi nyingi za miji zililipiwa na miji yenyewe na matajiri wake. Aliyechaguliwa kuwa hakimu au diwani alitoa kiasi fulani kwa mji kwa ajili ya heshima hiyo, na wengi waliahidi zaidi ya kiwango. Leptis Magna, Libya, soko la mwaka 8 kabla ya Kristo na ukumbi wa michezo wa kuigiza uliofuata miaka michache baadaye vilijengwa na mtu mmoja, Annobal Tapapius Rufus. Jina la kwanza ni la Kifoinike, ya mwisho ni ya Kirumi, na maandishi yake yamechongwa kwa lugha zote mbili. Maji ya mji huo huo yaliletwa mwaka 120 hivi kwa fedha za mwananchi mwingine, Quintus Servilius Candidus. Na sheria, kama alivyoieleza mwanasheria mmoja wa karne ya 3, haikuruhusu jina la mtu yeyote kuandikwa kwenye jengo la umma isipokuwa la kaizari au la aliyetoa fedha. Gavana hakuruhusiwa kujiandika. Mpimaji ndiyo kabisa. Ukitaka kujua kwa nini habari za Datus ziko kwenye jiwe lake mwenyewe, kambini kwake, anza na hapo.

Tuvuke bahari sasa, twende Bithynia, kaskazini-magharibi ya Uturuki. Ni huko tunakoona kazi za umma zikiharibika zote kwa pamoja.

Kwenye mwaka 110 hivi Kaizari Traianus alimtuma Plinius kuwa gavana wa Bithynia na Ponto, na agizo kubwa lilikuwa kukagua hesabu za miji. Miji ile ilikuwa tajiri, ya Kigiriki, na yenye wivu baina yake: mmoja ukijenga hamamu, jirani anataka hamamu kubwa zaidi. Plinius akaanza kuandika Roma, na barua zake pamoja na majibu ya kaizari zimehifadhiwa.

Nicomedia, Izmit ya leo, ilitumia sesterti 3,318,000 kwenye mfereji wa maji. Haukumalizika. Ukaachwa, tena ukabomolewa. Wakaanza mwingine, wakatumia sesterti 200,000 nyingine. Nao ukaachwa. Wakati huo mshahara wa mwaka wa askari wa lejioni ulikuwa sesterti 1,200, kabla ya makato. Kwa hiyo mfereji wa kwanza peke yake ulikula mshahara wa mwaka wa askari zaidi ya 2,700, kama nusu ya lejioni nzima, na mji haukupata hata ndoo moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo, watu ndio hawakulifungua.

Plinius alikwenda mwenyewe kwenye chemchemi. Anasema maji ni safi kabisa, yaletwe juu ya matao ili yafike hata mitaa ya juu na si bondeni tu. Matao machache bado yamesimama. Mengine yanaweza kujengwa kwa mawe yaliyochongwa yaliyobomolewa kwenye kazi ya kwanza, na sehemu nyingine kwa matofali ya kuchoma, ambayo ni rahisi na ya bei nafuu. Hayo ni mapendekezo ya mtu mwenye akili. Halafu anaomba: nitumie fundi wa maji au msanifu, yasije yakatokea tena yaliyotokea.

Jibu la Traianus ni fupi na kali. Maji yaletwe Nicomedia. Lakini, kwa jina la haki, utafute ni kwa kosa la nani watu wa Nicomedia wamepoteza fedha nyingi hivyo mpaka leo, isije ikawa walianzisha mifereji na kuiacha kwa kupeana fadhila wao kwa wao. Ujanja wa wakandarasi na madiwani alikuwa anaujua vizuri.

Nicaea, Iznik ya leo, hali ilikuwa mbaya zaidi. Ukumbi wa michezo umekula zaidi ya sesterti milioni 10, na umetitia na kupasuka. Plinius anatoa sababu mbili zinazowezekana: ardhi ni tepetepe na yenye maji, au jiwe lenyewe ni laini na linamomonyoka. Anauliza kama umaliziwe, uachwe, au ubomolewe, maana nguzo na kuta za kuushikilia, kwa macho yake, ni za gharama zaidi kuliko za uimara. Kuna matajiri waliahidi kujenga kumbi pembeni na safu ya nguzo juu ya viti. Ahadi zote zimekwama, kwa kuwa huwezi kujenga juu ya jengo linalozama.

Mji huo huo ulikuwa unajenga upya jimnasia, jengo la mazoezi, iliyoungua, wameifanya kubwa kuliko ya kwanza, na ramani haikupangika. Kuta zina unene wa futi 22. Msanifu mmoja anasema hazitabeba mzigo, kwa sababu ndani zimejazwa kifusi na nje hazikufungwa kwa matofali. Plinius, ambaye si mjinga, anaongeza kwamba msanifu huyo ni mpinzani wa yule aliyeianza kazi. Wangapi hapa wamewahi kupokea ripoti ya mtaalamu dhidi ya mtaalamu, halafu wakajiuliza hivyo hivyo? Naona mnacheka, lakini ukuta wa futi 22 uliojaa kifusi si kichekesho kwa mtu anayepita chini yake.

Claudiopolis, Bolu ya leo, wanachimba hamamu kubwa kwenye shimo chini ya mlima. Plinius anaandika wanachimba, si wanajenga. Fedha zinatoka kwa madiwani wapya waliolipa ili waingie barazani. Kwa Sinope alikuta pengine watu wa busara: maji yapo maili 16 kutoka mjini, mengi na mazuri, lakini njiani kuna kipande cha zaidi ya maili moja ambacho udongo wake unatia shaka. Akaagiza kipimwe kwanza kama kinaweza kubeba mfereji. Kaizari akakubali, mradi mji ulipe kwa nguvu zake. Hiyo ndiyo barua moja katika kundi zima ambamo udongo unapimwa kabla ya pesa kutumika.

Kila mara ombi linaishia pale pale: nitumie mtu. Alipokuwa Prusa, Bursa ya leo, aliomba mpimaji wa kukagua hesabu za wakandarasi, akiamini kwamba kazi zikipimwa upya kwa uaminifu, fedha nyingi zitarudishwa. Traianus akajibu kwamba wapimaji alionao hawatoshi hata kwa kazi za Roma na jirani yake. Katika kila jimbo wamo watu wa kuaminika, uwatafute nawe utawapata. Aliposihi tena kuhusu Nicaea, kaizari alikaribia kumcheka: wasanifu hawakosekani huko kwako, usidhani ni haraka kuwapata kutoka Roma, maana hata sisi wanatujia kutoka Ugiriki.

Msemaji mwenzangu mmoja huwa anamsifu Traianus kwa jibu hilo, anaona ni kuwaamini wenyeji. Mimi naliona vingine. Kaizari alikuwa mkweli kwamba hana watu, na Plinius alikuwa mkweli kwamba mafundi alionao kila mmoja ana mteja wake, mpinzani wake na ndugu yake barazani. Mgeni kutoka nje alihitajika kwa sababu hakuwa na shemeji Nicaea. Ujuzi wa kienyeji ulikuwepo tele.

Kuna jibu jingine ambalo simtetei kabisa. Moto uliunguza Nicomedia, nyumba nyingi na majengo mawili ya umma. Plinius anaeleza kwamba watu walisimama wakitazama, mji mzima hauna pampu, hauna hata ndoo ya kuzimia moto. Akaomba aunde kikosi cha mafundi 150 tu, watakaosimamiwa kwa karibu. Traianus akakataa: vyama vya namna hiyo, uvipe jina lolote, hugeuka kuwa vya kisiasa. Vifaa vinunuliwe, wenye nyumba wajizimie. Kwa hiyo ndoo zingekuwepo, na mtu aliyefunzwa kuzitumia asingekuwepo. Ni kasoro ile ile ya mlangoni mwa handaki, safari hii imewekwa kwa makusudi.

Namalizia na ziwa. Ndani ya eneo la Nicomedia palikuwa na ziwa kubwa, na kupitia ziwa hilo marumaru, mazao, kuni na mbao zilisafirishwa kwa mashua kwa gharama ndogo mpaka barabarani. Kutoka hapo mpaka baharini ni mikokoteni, jasho kubwa na gharama kubwa zaidi. Plinius akapendekeza mfereji wa kuliunganisha ziwa na bahari. Watu wa kufanya kazi wapo wengi, anasema, vijijini na zaidi mjini, na aliliona shimo la zamani lililochimbwa na mfalme mmoja wa kabla ya Warumi, halikumalizika. Swali lake ni moja: je, ziwa liko juu kuliko bahari? Mafundi wa eneo lile walidai ni dhiraa 40. Akaomba mpimaji wa usawa.

Safari hii Traianus alivutiwa, lakini akaonya: usipopima vizuri ziwa linaweza kumwagika lote baharini. Plinius akarudi na mbinu kadhaa, mabwawa ya kuzuia maji, kipande chembamba cha ardhi kibaki katikati ya mfereji na mto unaoelekea baharini. Tangu jibu lake la kwanza kaizari alikuwa amemwambia amwombe mpimaji Calpurnius Macer, gavana wa jimbo la Moesia ya Chini, na kwamba yeye mwenyewe atamtuma mwingine mwenye ujuzi huo. Ni njia ile ile ya Saldae, miaka arobaini kabla yake: gavana asiye na lejioni anamwandikia mwenzake mwenye lejioni.

Barua zinakatika muda mfupi baadaye, na mfereji haukuchimbwa. Wataalamu wengi wanaliona ziwa hilo kuwa Sapanca ya leo, na masultani wa Osmani walirudi kwenye wazo lile lile karne ya 16. Dhiraa 40 za Kirumi ni karibu mita 18. Sapanca leo liko mita kama 30 juu ya bahari. Hata ukisema maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa karne, tofauti ya mita 12 si ya maji peke yake, ni ya kipimo pia. Muda wangu umekwisha, maswali nayapokea.